Mama Alikulanini na Chakula cha Wazazi

Leo ni Ijumaa, tarehe 27 Juni. Saa kumi jioni, mama yetu wa Tangi la Nne atavua buti zake za mpira, atazisuuza kwenye bomba la nje kama alivyozoea, na kwa mara ya kwanza hatazitundika kwenye msumari wake. Amekitumikia kituo hiki cha kuzalisha vifaranga wa samaki kwa miaka thelathini na mmoja na siku tisa. Siku tisa hizo amenionya nisiziruke. Anasema alizifanyia kazi kama zilivyo nyingine.

Mimi ninayeandika ni mlisha samaki wa zamu ya asubuhi. Nina miaka tisa na miezi minne tangu niondoke nyumbani kutafuta kazi, na shule niliiacha darasa la sita. Najua mmeshangaa ukurasa huu wa kumuaga kupewa mimi wakati wapo wenzetu wenye vyeti ukutani. Ni yeye aliyetaka. Meneja alipomuuliza nani amwandikie wasifu, alijibu, "Aandike Mzazi. Kuna maneno yangu ameyakalia muda mrefu." Karani wa ofisi amenisahihishia herufi. Maneno ni yangu, na lawama zake ni zangu.

Mzazi ndilo jina mnaloniita wote hapa, hata wageni waliofika mwezi jana, na lilikotoka wanakujua watu watatu tu. Mkivumilia mtajua.

Mama yetu hakuanza kazi na samaki. Aliajiriwa kufagia chumba cha kuangulia, kile chenye chupa ndefu zilizopangwa kwenye rafu, maji yakipanda kutoka chini na kuyachezesha mayai yasikae kitako. Aliambiwa afagie, apige deki, na asiguse chupa yoyote. Hakugusa. Lakini macho hayana kufuli. Baada ya mwaka mmoja hivi, msimamizi wa wakati ule aliusogeza mlango akakuta nyuma yake ukutani kuna alama za chaki: chupa ya tatu, chupa ya saba, chupa ya kumi na moja. Akadhani ni mambo ya uchawi. Mfagiaji akaitwa.

"Hizi alama ni za nini?"

"Ni chupa zitakazokufa, baba."

"Zitakufa lini?"

"Siku siijui. Najua zitakufa tu."

Ya tatu ilikuwa imeshakufa. Ya saba ilikufa kesho yake. Alipobanwa aeleze amejuaje, akasema ni rangi: mayai mazuri yana rangi ya kiini cha yai la kuku anayetembea, na mabaya yamepauka kama chai iliyozidiwa maziwa. Wiki hiyohiyo alinyang'anywa ufagio, akapewa buti.

Kwa wenzetu wa idara ya magari na wa ofisi ya juu ambao hawajawahi kuloa, nieleze kidogo. Perege jike akishataga, huyakusanya mayai yake mdomoni na kuyatunza humo mpaka yaanguliwe, na siku zote hizo hali. Sisi tunasimama kwenye maji ya kiunoni, tunamnasa kwa neti, tunamfungua mdomo kwa kidole gumba na kumwinamisha juu ya bakuli ili ayateme. Mama yetu alikuwa akimwomba radhi kila mmoja. "Samahani, mwenzangu, nakuibia." Siku ya samaki arobaini, samahani arobaini. Wengine tulikuwa tunamcheka. Sasa nasi tunasema, japo kimoyomoyo.

Ni kwenye kazi hiyo ndipo lilipomjia swali lililompa jina. Alifikiri hivi: mama anapobeba mayai hali. Kifaranga akianguliwa naye hali, siku kadhaa za mwanzo anaishi kwa kile kifuko cha kiini kilichoning'inia tumboni mwake. Sasa kama mama hali na mtoto hali, nani amekula? Jibu lake likawa kwamba mtoto anakula chakula cha juzi cha mama yake. Kwa hiyo chupa ikifa leo, usiiulize chupa. Uliza mwezi uliopita huko tangini mama alikula nini.

Tangu hapo akawa anauliza kila kitu. Kuku wa mlinzi ametaga yai lenye ganda laini: mama alikula nini? Paka wa stoo amezaa watoto wanne, mmoja hatembei vizuri: mama alikula nini? Siku moja pampu kubwa ilitoa moshi, na fundi wetu wa pampu, ambaye sote tunamwita Fundi Pampu, akamwambia kwa dhihaka, "Haya mama, pampu imezaa moshi." Naye bila kucheka, "Mama alikula nini?" Fundi Pampu akaifungua. Ilikuwa imemeza mfuko wa nailoni. Jina la Mama Alikulanini likakaa, na hakuna aliyeligeuza tena.

Mnaofanya kazi hapa leo mnaona ni jambo la kawaida samaki wazazi kuwa na chakula chao. Haikuwa hivyo. Zamani wazazi walipewa makombo ya samaki wa kunenepesha, kwa hoja kwamba wale wa kunenepesha ndio wanaouzwa, na wazazi hawauzwi. Meneja wa enzi hizo alimwambia, "Samaki ni samaki." Akamjibu, "Na mahindi ni mahindi, mzee, lakini hujaona mtu anapanda yale yaliyobakizwa na panya." Akaruhusiwa kujaribu kwa tangi moja, hilo la nne, lililokuwa na ufa na halitakiwi na mtu. Akalisha dagaa waliosagwa, mayai, majani mabichi na mafuta ya samaki kidogo.

Si kwamba alipatia mara ya kwanza. Mwaka wa kwanza aliwazidishia. Majike wakanenepa kama mito ya kitanda, na mayai wakataga machache kuliko waliokuwa wakila makombo. Kwenye daftari lake, lile lenye jalada la plastiki, ameandika kuhusu mwezi huo maneno matatu tu: "Nimewapenda kupita kiasi." Akapunguza mafuta, akaongeza majani, akaanza upya. Ilimchukua miaka sita kukipata kipimo tunachotumia hadi leo.

Kwa miaka kumi na miwili baada ya hapo, Tangi la Nne lilitoa vifaranga ambao wafugaji walikuwa wakija kupanga foleni kuwachukua. Alikuwa akichagua mabinti wa wale majike bora, na mabinti wa mabinti, hadi akawa anawajua kwa makovu. Kisha nikaja mimi.

Nilikuwa na wiki ya pili kazini pale alipoteleza kwenye ngazi ya Tangi la Pili akavunjika mguu. Alipelekwa hospitali, na akiwa kitandani alituma karatasi ibandikwe kwenye mlango wa stoo. Karatasi ilisema hivi, kwa herufi kubwa: CHAKULA CHA WAZAZI. MAYAI, DAGAA, MAFUTA. KILA SIKU BILA KUKOSA. WASIO WAZAZI WASIPEWE.

Mnyapara alikuwa ameshanionyesha kazi: matangi sita, kila tangi nusu ndoo ya chembe za kawaida za chakula cha samaki, asubuhi na jioni. Kwamba kwenye Tangi la Nne kuna samaki wanaoitwa wazazi, hakuna aliyeniambia. Mimi nilijua wanaitwa "wale wakubwa". Na kwenye fomu ya kuajiriwa nilikuwa nimeulizwa: Una watoto? Wangapi? Nikajaza: mmoja. Basi niliposoma karatasi ile nikasema moyoni, kumbe ndiyo maana waliuliza. Nimefanya vibarua sehemu nyingi, nimelala kwenye makontena, nimekula mkate mkavu nikisukumia na maji ya bomba, lakini sijawahi kuona mwajiri anayemjali mzazi namna hii.

Jumatatu mtunza stoo akanikabidhi trei ya mayai, kisado cha dagaa na chupa ya mafuta ya samaki. "Chakula cha wazazi hicho. Saini hapa." Nikasaini, nikashukuru, nikabeba kwenda chumbani.

Nilikula wiki saba. Mayai manne kwa siku, dagaa jioni. Mafuta nilijaribu mara moja kukaangia, chumba kikanuka siku tatu, nikayaacha. Niliyekuwa naishi naye chumba kimoja ni huyuhuyu Fundi Pampu, na wakati huo alikuwa hajaoa, wala mambo ya chakula cha samaki hakuyajua, yeye na pampu zake tu. Aliniomba.

"Ndugu yangu, yai moja tu."

"Una mtoto?"

"Sina."

"Karatasi imesema wasio wazazi wasipewe. Si mimi niliyeandika."

"Sasa nizae kwa sababu ya yai?"

"Oa kwanza, halafu uje na fomu."

Hajanisamehe hadi leo, na ana watoto watatu.

Huku tangini mambo yalianza kuharibika taratibu, na mimi sikuwa na macho ya kuona. Wiki ya tano mayai yakapauka. Wiki ya sita vifaranga walioanguliwa walikuwa wadogo, wengine wamepinda, wakilala pembeni ya beseni kama watu waliochoshwa na msiba. Wafugaji wakarudisha mitungi ya vifaranga. Meneja, ambaye ni huyuhuyu tuliye naye na atanisamehe kwa kusema hivi, aliamua kwamba mbegu imechoka. Majike arobaini na madume kumi na watano wa Tangi la Nne wauzwe kama kitoweo, waletwe wengine kutoka kwingine. Gari la mnunuzi likapangiwa siku.

Siku mbili kabla ya gari, Mama Alikulanini akarudi kwa mkongojo. Hakupita ofisini. Alikwenda moja kwa moja chumba cha kuangulia, akatazama chupa, kisha akaja akasimama ukingoni mwa Tangi la Nne nilipokuwa nafagia.

"Wewe ndiye mgeni?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hawa walikula nini?"

"Chembe, mama. Nusu ndoo, asubuhi na jioni. Sijakosa hata siku moja."

"Chembe. Na chakula cha wazazi?"

Nilinyooka. Nilidhani ananijulia hali. Nikamwambia kwa adabu zote, "Nimekula, mama. Tena nashukuru sana. Hata mwili umerudi."

Akanitazama. "Umekula wewe?"

"Mimi ni mzazi, mama. Ninaye mmoja."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwanzo nilidhani mguu umemuuma, maana alijiinamia na mabega yakawa yanatikisika. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka mkongojo ukamponyoka ukaingia majini. Kisha akanyamaza ghafla, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akawatazama samaki wake, na nikaona uso umebadilika. Hapo ndipo aliponieleza wazazi ni kina nani.

Ndugu zangu, nilitamani maji yanimeze. Nilimwambia nakwenda kwa Meneja sasa hivi. Akanishika mkono.

"Ukienda, jioni hii hii uko nje ya geti. Una nauli ya kurudi kwenu?"

"Sina."

"Na usipokwenda, keshokutwa hawa wako sokoni kwa kosa ambalo si lao. Ngoja kwanza nifikiri."

Alifikiri mpaka adhana ya adhuhuri. Kisha akaenda ofisini yeye mwenyewe na kuomba siku sitini. Meneja alimuuliza kwa nini kituo kisubiri siku sitini kwa ajili ya samaki walioharibika. Alijibu, "Kwa sababu nasema hawajaharibika. Zikipita nikashindwa, nami nipakie kwenye gari hilohilo." Wakati ule alikuwa ametumikia miaka ishirini na mbili. Maneno hayo hakuyasema kwa mzaha, na Meneja hakuyachukua kwa mzaha.

Hapo ndipo nilipoona akili yake ilivyo. Mtu mwingine angekimbilia kuwalisha wote ili wapone haraka. Yeye aliwagawa. Alifunga vizimba viwili vya neti ndani ya tangi moja. Majike ishirini huku, ishirini kule. Hawa chakula cha wazazi, wale waendelee na chembe. Nilimwambia anajitia kitanzi, kwamba nusu watabaki dhaifu na Meneja atasema si unaona. "Nataka aone," akasema. "Mbegu moja, maji mamoja, sahani mbili. Akiona wote wamepona atasema ni bahati. Kwangu mara moja ni bahati, mara mbili ni tetesi, mara tatu ndiyo naandika."

Chakula nilisaga mimi, kwa kinu, chini ya macho yake. Kila yai nililopasua nililijua kwa sura.

Katika siku hizo, tukiwa tunahesabu mayai kwa kijiko, mimi nilimuuliza kitu kilichokuwa kinanikereketa. "Mama, kila siku unauliza mama alikula nini. Na baba je?" Alisimamisha kijiko hewani. Akaniambia rudia. Nikarudia. "Miaka ishirini na miwili," akasema polepole, "na sijawahi kuuliza." Aliandika swali lile kwenye daftari, akapigia mstari, na chini yake akaandika: Ameuliza Mzazi. Jina langu lilianzia hapo. Alicheka tena peke yake, nikajua kwa nini.

Siku ya sitini ilikuwa Alhamisi. Mabeseni mawili mezani, kila moja vifaranga hamsini, la kushoto watoto wa mama waliokula vizuri, la kulia watoto wa mama wa chembe. Jaribio lake ni rahisi na nyote mnalijua: unatia mkono, unazungusha maji kwa nguvu ukihesabu mpaka sitini, kisha unatazama wangapi bado wanaogelea dhidi ya mkondo na wangapi wamechukuliwa. Meneja alizungusha mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu. Kushoto walibaki arobaini na watatu. Kulia kumi na tisa. Akarudia. Akabadilisha mabeseni, akarudia tena. Karani aliyekuwa akiandika alisahau kuandika, akawa anashangilia upande wa kushoto kama yuko uwanjani.

Samaki hawakuuzwa. Wajukuu zao ndio mnaowachota leo.

Lakini Meneja si mtu wa kuacha jambo nusu. Akauliza, "Basi kwanza ilikuwaje wakaharibika?" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na ndoo. Nilifungua mdomo. Mama Alikulanini akanitangulia. "Chakula hakikuwafikia. Karatasi niliyoiacha niliiandika vibaya, mtu asingeweza kuielewa. Kosa ni langu." Alipewa barua ya onyo kwa uzembe wa maelekezo. Mwaka huo kiti cha msimamizi wa chumba cha kuangulia kilikuwa wazi, na kila mtu alijua ni chake. Akapewa mwingine. Yeye alikisubiri miaka minne.

Nilipomfuata kumwambia kwamba si haki, aliniambia, "Karatasi kweli niliiandika vibaya. Ningesema samaki wazazi, ungeelewa. Wewe kaa kimya mpaka siku ninapotoka getini. Siku hiyo sema, maana mimi nitakuwa nimeshakwenda na wewe utakuwa umeshajua kazi."

Siku hiyo ni leo. Karatasi iliyopo mlangoni sasa, ile ambayo wageni huwa wanaicheka, CHAKULA CHA SAMAKI WAZAZI, WATU HAPANA, ina historia yake, na historia hiyo ni mimi.

Kuhusu swali la baba, tulilifanyia kazi mwaka mzima uliofuata. Majike wote wakalishwa sawa, madume wakagawiwa sahani mbili. Tulipozungusha mabeseni, watoto wa baba waliokula vizuri walibaki arobaini na wanne, wa wengine thelathini na saba. Mara ya pili arobaini na wawili kwa thelathini na sita. Mara ya tatu arobaini na watano kwa thelathini na wanane. Si tofauti ya kupigia ngoma, lakini haikugeuka hata mara moja. Kwa nini baba, ambaye hatoi kiini wala habebi kitu mdomoni, aache alama ya chakula chake kwa mtoto, hatukujua. Hatujui hadi leo. Yeye hakuona haya kutojua. Alikuwa akisema kutojua ni kazi iliyobaki. Ila tangu mwaka ule madume nao wanakula chakula cha wazazi, na hilo ni agizo lake.

Sasa niseme jambo la kwangu, maana limo kwenye daftari lake. Nilipopata likizo yangu ya kwanza, siku kumi, nilikwenda nyumbani, na baada ya muda wake mama watoto akajifungua mtoto wa pili, wa kike. Wa kwanza alizaliwa na kilo mbili na nusu. Huyu alikuwa na kilo nne kasoro robo. Hapa kazini kulikuwa na shangwe, mkamwita Kifaranga, na Mama Alikulanini akamwingiza kwenye daftari kama alivyoingiza samaki wengine. Nilikuwa najua ameandika. Sikuwa nimesoma.

Jumanne iliyopita alinikabidhi daftari hilo. Ni langu sasa, pamoja na Tangi la Nne. Nikatafuta ukurasa wa binti yangu. Umeandikwa hivi: Kifaranga wa Mzazi. Kilo nne kasoro robo. Baba: mayai na dagaa, wiki saba. Mama: haijulikani.

Nililisoma neno lile tena. Miaka yote hii nimewauliza samaki. Jioni yake nikapiga simu nyumbani, nikamuuliza mama watoto, ulipokuwa na mimba ya yule wa pili ulikuwa unakula nini.

Aliguna. Kisha akasema, "Miaka tisa unanisimulia perege wamekula nini, perege wamekunywa nini. Leo ndiyo umenikumbuka mimi?"

Nikamwambia ndiyo, leo.

"Nilikula nilichopata. Miezi ya mwanzo chai na mkate. Halafu dada yako akaanza kuniletea mayai ya kuku wake, kila Jumapili manane, kwa miguu. Akaniapisha nisikuambie."

"Kwa nini?"

"Alisema ukijua utajiona umeshindwa, utaacha kazi urudi. Yeye na mimi tukala kimya."

Sikulala vizuri, lakini asubuhi nilijaza nafasi ile kwenye daftari. Mama: chai, mkate, mayai ya shangazi yake. Nikampelekea Mama Alikulanini aone. Kwa hiyo, nikamwambia, huenda si mayai niliyokula mimi. Huenda ni ya dada. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Si nilikuambia mtoto mmoja si hesabu?" Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Kila aliyeshiba, kuna mtu alinyamaza mahali."

Hapo nikajua siwezi kuandika wasifu wa kupamba tu. Na mimi nilishiba, na aliyenyamaza ni yeye. Karani aliposahihisha sehemu ile ya mayai aliniuliza, "Mzazi, hii nayo niiache?" Nikamwambia iache. Akaiacha.

Basi naomba kwa Meneja, mbele ya wafanyakazi wote wanaosoma hapa. Kwenye jalada la mama huyu kuna barua moja ya onyo, na haikuwa yake. Sherehe ya kumuaga inaanza saa nane. Kati ya saa nane na saa kumi kuna muda wa kutosha mtu kufungua kabati na kuitoa, ili atoke getini na jalada safi kama yale mabeseni yake. Kama kabati haliwezi kubaki na nafasi tupu, iwekwe nyingine yenye jina langu. Nitasaini. Nimezoea kusaini chakula cha wazazi.

Kwako, Mama Alikulanini. Umetufundisha kwamba ukiona mtoto dhaifu usianze kwa kumkemea mtoto. Asante kwa samahani zako zote, na kwa siku zako sitini, na kwa neno lile moja uliloniwahi kulisema mbele ya Meneja. Uende ukapumzishe mguu huo ambao bado unauburuta mvua ikinyesha. Ukae mahali ambapo wengine watakupikia, na siku ukiwa na hamu, ule, hata usiulize ni nini. Maisha yako ya mbele yawe na kiini cha rangi nzuri.

Agizo la mwisho alilonipa nimeanza kulitekeleza. Mama watoto anataka tuongeze wa tatu, na Mama Alikulanini akaniambia, kama mwaka ule tuliwatayarisha madume kwa wiki kumi, sioni kwa nini wewe utayarishwe kwa siku mbili za njiani. Kwa hiyo nimeanza leo: mayai mawili, niliyonunua mwenyewe, dukani. Na kila jioni nitapiga simu kuuliza huko nyumbani wamekula nini, dada pia. Wiki kumi zinakwisha Ijumaa tarehe 5 Septemba, ndiyo siku nitakayopanda gari. Natarajia kufika nyumbani Jumamosi tarehe 6. Na kama baada ya wasifu huu bado nina kazi, nitarudi Tangi la Nne Jumatatu tarehe 29 Septemba, kabla ya saa moja, na nitapita kwanza kwenye ule msumari mtupu.